Sylvestre Aliomba Kura kwa Jina la Adolphine

Mabinti wa maternité ya masista, wakunga wenzangu, siku ya kuniaga mliniomba hotuba, nami niliwapa limonade. Hotuba sikuwa nayo. Sasa nimekaa nyumbani, miguu imeanza kupungua uvimbe, na nimeona afadhali niandike kuliko kugombana na kuku wa jirani. Habari za vyeo na nishani sitawaandikia. Mtazijua wenyewe, na hazitawachukua muda. Nitawaandikia kazi. Na kwa kuwa kila mmoja wenu ameniuliza kama ni kweli nilifanya kazi na bourgmestre wetu, meya wetu huyu, alipokuwa bado infirmier, muuguzi, nitaandika na hilo.

Nilizaliwa upande wa Lukafu. Baba alilima mihogo na mahindi mpaka alipochukuliwa kwenda kwenye tanuru za shaba, nasi tukamfuata Élisabethville. Masista walinifundisha kusoma, halafu siku moja wakaniuliza kama naogopa damu. Nikasema kwetu ni mimi niliyekuwa nikichinja kuku. Wakacheka, wakaniingiza maternité.

Siku ya kwanza sikumgusa mzazi hata mmoja. Masela Godelieve, sista Mbelgiji mrefu mwenye mikono myekundu, alinisimamisha mbele ya beseni, akaniambia ninawe hadi kwenye viwiko. Nikanawa. Akavinusa vidole vyangu.

“Hapana. Anza tena.”

Nikaanza tena. Akanusa tena, akatikisa kichwa. Ilipokaribia saa ya kula nikamwambia, “Masela, ngozi inaisha kutoka.”

“Ngozi itarudia,” akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Mama akikufa kwa mikono yako michafu, yeye hatarudia.”

Kwenye beseni la pili binti mwingine alikuwa akinawa huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Huyo ndiye Adolphine. Alizaliwa hapa hapa mjini, kwenye kambi ya wachimbaji, na alijua mambo yote ambayo mimi wa kijijini sikuyajua: namna ya kumpita polisi wa site, ile mitaa ya watu weusi, bila kuonekana unampita, na namna ya kusema “oui, masela” ikawa na maana ya hapana. Tulilala chumba kimoja, tukajifunza pamoja, tukapata cheti pamoja. Sikuwahi kuwa na dada. Nilipata yeye.

Masela Godelieve hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini mpaka leo sijaona mwalimu kama yeye. Kutuzoeza kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mbao, alificha saa yake ya mfukoni chini ya mablanketi, akatuambia tuitafute kwa sikio. Adolphine aliipata mapema. Mimi nilihangaika. Ninyi pia mtahangaika, basi shikeni hili: sikio likishatulia juu ya pembe, toa mkono. Mkono una mapigo yake, na utahesabu damu yako mwenyewe ukidhani ni ya mtoto.

Jambo jingine alilotutia kichwani lilikuwa hili. Mama mwenye mimba akitoka damu bila uchungu, kondo limekaa mlangoni mbele ya mtoto. Usitie kidole kutafuta. Ukitia kidole unalichana, naye anaisha mikononi mwako. Mama huyo anataka daktari mwenye kisu, na anamtaka sasa. Alituuliza hilo kila Jumatatu mpaka tulikuwa tunalijibu hata tukiwa usingizini.

Baada ya cheti tulipelekwa dispensaire, zahanati ya site, mimi na Adolphine, na hapo ndipo tulipomkuta Sylvestre Kalonda. Baba yake alitoka kaskazini na watu waliotandika reli, akafa akibanwa na mabehewa. Mapadre wakamlea mtoto, wakampeleka seminari. Alitoka kabla hajavaa kanzu. Yeye alisema ni kwa sababu ya Kilatini. Adolphine alisema ni kwa sababu ya wasichana wa kwaya. Akasomea uuguzi.

Nitamsema kwa haki, ingawa moyo hautaki. Sylvestre alikuwa na mikono ambayo Mungu huwapa wachache. Alishona mpasuko wa mzazi taratibu, akimwambia habari za mpira ili asisikie sindano. Hakuitika jina la “boy”. Siku moja daktari mgeni alimwita hivyo, yeye akaendelea kukunja bandeji. Daktari akaita tena, akaendelea kukunja. Mwishowe daktari akauliza jina lake. “Kalonda, docteur,” akasema, akaweka bandeji chini na kumfuata. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia tukijiuma vidole ili tusipige vigelegele.

Kazi ya site ilikuwa ya miguu. Tulizalisha kwenye nyumba za chumba kimoja, maji yakichotwa kwenye bomba la mwisho wa avenue, na bomba lilikauka lilipotaka. Hospitali yenye daktari wa kupasua ilikuwa mbali, ng'ambo ya reli. Dispensaire ilikuwa na camionnette moja, gari dogo la mizigo. Ufunguo wake ulikaa kwa agent mzungu aliyesimamia mambo ya afya, na agent huyo kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana alilala. Wagonjwa wetu walikuwa wamezoea kuugua asubuhi.

Adolphine aliolewa na Léonard, fundi wa reli, mtu mpole asiye na maneno. Akazaa mara mbili bila shida, mikononi mwangu. Mimba ya tatu ilikuwa imekaribia kutimia siku alipokuja dispensaire kwa miguu, akijishika ukutani, jua likiwa juu ya kichwa. Kitenge chake kilikuwa kimelowa.

“Philo,” akasema, “damu inakuya, na uchungu hakuna.”

Tukatazamana. Hakuna mwingine pale aliyejua tulichokuwa tukiambiana kwa macho. Nikamlaza. Sylvestre alinitazama usoni tu, akachukua kinga yake, ile baiskeli kuukuu, akapiga pedali kwenda nyumbani kwa agent kutafuta ufunguo.

Alirudi mikono mitupu. Mpishi alikuwa amemzuia mlangoni: Bwana analala. Akazunguka nyumba, akapiga dirisha la chumba cha kulala kwa ngumi. Agent akatoka na pajama. Sylvestre akamweleza, kwa Kifaransa kizuri cha seminari, kwamba mkunga wa dispensaire anavuja damu. Agent akamsikiliza mpaka mwisho.

“Asema saa nane,” Sylvestre akatuambia. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kola.

Adolphine akafumbua macho. “Saa nane mutanikuta minaisha kufa.”

Kwa jirani kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na mwenye kinu alikuwa na kigari cha kubebea magunia. Tukatandika godoro, tukampandisha. Sylvestre akasukuma, mimi nikakimbia kando nikimshika mkono. Watu waliokuwa wakila vibarazani walisimama na matonge ya ugali, bukari yetu, mikononi. Njia ilikuwa na mashimo, na kwenye kila shimo alifumba macho bila kulia. Alijua kulia kunamaliza nguvu.

Tulipofika kwenye njia ya reli, kizuizi kilikuwa kimeshuka. Mabehewa ya madini yalikuwa yakipita, yanasimama, yanarudi nyuma, yanapita tena. Sylvestre alimpigia kelele mlinzi wa kizuizi, akamwonyesha kigari. Mlinzi, mtu mweusi kama sisi, akainua mikono: angefanya nini? Shaba haimsubiri mtu. Watu ndio wanaoisubiri shaba.

Mkono wa Adolphine ulikuwa umepoa. Nilitaka kufanya kitu, chochote. Mkono wangu wa pili ulikwenda wenyewe kwenye kitenge, akauhisi.

“Philo,” akasema, sauti iko mbali. “Usitie kidole.”

“Sitatia,” nikasema.

Hakusema jingine. Behewa la mwisho lilipopita na kizuizi kikapanda, hatukuwa na haja ya kuvuka. Mtoto naye alikwenda na mama yake. Sylvestre aliendelea kushikilia mikono ya kigari, nami nikamfunika Adolphine uso kwa kitambaa changu cha kichwa. Léonard tulimkuta gereji ya reli, mikono imejaa mafuta, na mimi ndiye niliyemwambia.

Agent hakupata neno. Sylvestre ndiye aliyepata: kwa kosa la kupiga dirisha la mzungu saa ya mapumziko, alihamishwa kwenda dispensaire ya porini. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Alisema, “Mama Philo, hii kintu haitaisha hivi.” Nilimwamini. Nilikaa na maneno hayo miaka, kama mtu anavyokaa na kaa la moto chini ya majivu.

Alirudi mjini akiwa mtu mwingine kwa mavazi, lakini kwa ulimi nilimwona ni yule yule. Alikuwa ameoa, amevaa suti, anaingia kwenye chama cha wasomi weusi kinachokutana Jumapili kujadili maendeleo. Aliomba ile kadi ya mtu mstaarabu, ambayo serikali iliwapa weusi walioonekana kuishi kizungu. Tume ikaja nyumbani kwake, ikafungua makabati, ikatazama visu na uma, ikamwuliza mke wake watoto wanalala wapi. Akapewa.

“Mu pori nilizalisha bana mingi na taa ya petroli,” aliniambia, “hakuna muntu alikuya kuangalia. Sasa banakuya kuangalia kama minakula na forchette.”

Tulicheka siku hiyo mpaka machozi. Nilimpenda kama ndugu.

Kisha ikaja habari kwamba Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, amekubali watu weusi wapige kura. Mji utakatwa kuwa communes, mitaa yenye mabaraza yake, wanaume watachagua wajumbe wa baraza, na kutoka kwao kila commune itapata bourgmestre wake. Juu yao wote atakaa premier bourgmestre, mzungu. Sylvestre alikuja kwangu alasiri moja, nikiwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo. Hakutaka kiti. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, suti na yote.

“Mama Philo, minataka kuingia mu ile kura.”

“Ingia. Nani anakukataza?”

“Minataka kusema habari ya Adolphine mbele ya bantu.”

Nikaacha kutwanga. “Juu ya nini?”

“Juu bajue kwa nini minabalomba. Maternité mu commune yetu, na munganga wa kupasula. Camionnette, na funguo yake ikae kwetu. Maji yasikauke ku bomba. Njo ile tu. Mambo ya suti na bendera, nabaachia bengine.”

“Lomba Léonard. Adolphine alikuwa bibi yake.”

“Naisha kumulomba. Asema nikuulize we, juu we njo ulimushika mukono.”

Nilitazama majani kwenye kinu. Nikamwambia, “Ukitaja jina yake, ujenge.”

“Nitajenga,” akasema. Alitazama moja kwa moja machoni pangu aliposema hivyo, na mpaka leo nadhani hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sheria haikuwapa wanawake kura. Basi niliingia nyumba kwa nyumba, kila mahali nilipowahi kuzalisha, na sikukosa kazi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeniambia, “Mama Philo, mi shina kura.”

“Bwana yako iko nayo,” nikamwambia, “na bwana yako anakula bukari yako.”

Alicheka, lakini alielewa. Wakunga wote tulifanya hivyo. Tuliwaambia wanawake: mkitaka msife ng'ambo ya reli, semeni na waume zenu kabla hawajashiba. Wako wanaume walioniambia baadaye kwamba juma lile lote hawakusikia jina jingine nyumbani ila Kalonda.

Mkutano mkubwa ulifanyika kwenye kiwanja cha mpira. Wanaume walijaa katikati, sisi wanawake tukasimama pembeni, kando ya goli. Wagombea wengine walizungumza habari za makabila yao na mababu zao. Sylvestre alipopanda alitaja kigari. Alitaja dirisha, pajama, saa nane. Watu walianza kunguruma. Alitaja mabehewa. Léonard alikuwa mbele, amevua kofia, machozi yanamshuka na hayafuti.

Kisha Sylvestre akainua mkono, akasema, “Na mbele ya kukufa, Adolphine alinitazama, akasema: Sylvestre, usiache banamuke bengine bakufe sawa mi!”

Kiwanja kizima kilipiga kelele. Wanawake waliokuwa karibu nami walilia kwa sauti. Mimi nilisimama nikishika mti wa goli. Adolphine hakumtazama Sylvestre. Hakumtaja. Neno lake la mwisho lilikuwa la kazi, alimwambia mkunga mwenzake, na neno hilo halikuwa zuri la kutosha kwa mkutano. Nililimeza. Nilijiambia kwamba ukuta wa maternité ukisimama, nitamsamehe.

Akashinda. Akavalishwa ile écharpe ya rangi, mshipi wa begani wa bourgmestre, akapewa ofisi, sekretari, na gari jeusi lenye dereva. Mwezi wa kwanza alinichukua mwenyewe kwenda kunionyesha kiwanja kilichopigwa vijiti, karibu na kanisa. “Hapa njo mulango,” akasema, “na hapa salle ya kupasula.” Nilikwenda kumwambia Masela Godelieve, aliyekuwa mzee sana na amebaki kukaa kwenye kiti cha bustani ya masista. Alinisikiliza. “Maji ya moto yatatoka wapi?” akauliza. Hilo tu.

Vijiti vilikaa mpaka mchwa wakavila. Mvua ikaja, ikaisha. Kisha malori yakaleta nguzo za chuma, si kwenye kiwanja, bali kwenye avenue kubwa, ile yenye bar na nyumba za wajumbe. Nikavaa blouse yangu nyeupe, nikaenda ofisini. Sekretari aliniuliza nina shauri gani, akanikalisha kwenye benchi pamoja na watu wa kesi za mbuzi.

Sylvestre alinipokea kwa mikono miwili. Aliagiza kahawa. Sikuinywa.

“Ile nguzo ni ya nini?” nikauliza.

“Taa, mama. Umeme ku avenue.”

“Na maternité?”

Akashusha pumzi. “Premier bourgmestre alisema tuchague kazi moya ya kwanza. Moya tu. Baraza likachagua taa.”

“We ulichagua nini?”

Alizungusha kalamu mezani. “Taa. Taa inaonekana, Mama Philo. Muntu akitoka ku bar anaona: Kalonda njo alileta. Maternité itakula myaka, na kura ingine itafika mbele ya kuweka mabati.”

“Na banamuke?”

“Banamuke habatie kura, mama.”

Hakusema kwa dharau. Alisema kama infirmier anavyosoma joto la mgonjwa. Kikombe cha kahawa kilikuwa kinatoa mvuke kati yetu. Nikamwuliza, “Adolphine alisema nini kule ku reli?”

Alitazama meza, na nilipoona hainui kichwa nikaondoka. Sikwenda tena ofisini kwake.

Siku ya kuwasha taa, jua likizama, avenue ilijaa. Waliweka jukwaa, walileta fanfare, bendi ya ngoma na tarumbeta, walifunga vitambaa kwenye nguzo. Mimi nilikuwa nyumba ya tatu kutoka jukwaani, nazalisha mke wa fundi viatu, Monique, uzazi wake wa kwanza. Niliweka pembe tumboni nikasikia ngoma. Nikahamisha, nikasikia tarumbeta. Moyo wa mtoto sikuupata kabisa. Nilifanya kazi kwa macho na vidole tu.

Kichwa kilitoka, kikarudi kidogo nyuma, kikajikaza pale kama kichwa cha kobe. Wale mliokwisha kuona hilo mnajua maana yake. Bega limekwama. Sikuweza kumwacha Monique, na peke yangu nisingeweza. Nikamwambia mama mkwe wake aite mtu yeyote mwenye nguvu. Yule bibi alitoka mbio, akapita katikati ya fanfare, akasimama chini ya jukwaa akapaza sauti: “Infirmier! Infirmier! Mutoto anafungwa ku bega!”

Hakumwita bourgmestre. Labda ndiyo maana alisikia. Alikatiza hotuba yake, akaruka chini, akaingia kwa mlango wetu akipumua kwa nguvu. Alivua koti, akaitundika ile écharpe kwenye msumari wa mlango, akanawa mpaka kwenye viwiko. Nilimkunja Monique magoti mpaka kifuani, yeye akakandamiza juu ya kinena kwa kisigino cha mkono, kwa pembeni, namna inavyotakiwa, si kwa pupa. Alimwambia Monique habari za mpira. Nikaingiza vidole, nikalipata kwapa, nikalizungusha. Mtoto akatoka mwili mzima kwa mara moja, wa buluu, kimya. Sylvestre alimfuta pua, akamsugua mgongo, akampuliza. Msichana akalia.

Wakati huo huo huko nje mtu alichoka kungoja, akawasha. Mwanga mweupe ukaingia kwa dirisha, ukaangukia kitanda, beseni, damu. Umati ukashangilia kwa sauti kubwa, fanfare ikaanza upya.

Sylvestre alikuwa bado amemshika mtoto. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa dispensaire, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimempata tena. Akampa yule mama mkwe mjukuu wake. Akanawa. Akavaa koti, akachukua écharpe kwenye msumari, akaivaa polepole mbele ya dirisha lenye mwanga, akiinyoosha begani.

“Unaona, Mama Philo?” akasema, akitabasamu. “Hata bila maternité, tunaweza.”

Akatoka. Nilisikia makofi yakimpokea, na sauti yake ikianza kuwasimulia habari za mtoto.

Nilirudi kitandani. Kondo la nyuma lilikuwa bado ndani, Monique alikuwa anatetemeka, na kazi ilikuwa haijaisha.